Magoti ya Profesa

Chini ya kitanda hapakosi kitu. Pana kandambili ya mguu mmoja, sanduku la nguo za zamani, ndoo iliyokatika mshikio, na pengine mpira wa mtoto unaotafutwa tangu juzi. Anayetaka kimojawapo hawezi kukiamuru kitoke. Awe tajiri au maskini, mrefu au mfupi, atapiga magoti, ataingiza kichwa, na vumbi kidogo litamwingia puani. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimaanisha kwamba anayetafuta jambo lililo chini au lililojificha hana budi kujishusha na kulifuata huko huko liliko. Kijana wa kisa hiki aliijua methali hiyo tangu utotoni, na alipoulizwa maana yake katika mtihani alipata alama zote. Kuijua ilikuwa rahisi. Kuinama ndiko kulikomshinda.

Kijana huyo alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu, akisomea ualimu wa shule za msingi. Wenzake walimwita Profesa, naye hakulikataa jina. Alikuwa mrefu kama mlingoti, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na mashati yake meupe yalipigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Nadharia za elimu alizitafuna kama karanga. Ukimuuliza mtoto hujifunza vipi, angekutajia hatua zote za ukuaji wa akili bila kumeza mate.

Chuoni kwao kulikuwa na desturi moja ya kuchekesha. Kila Jumatano mchana, kabla hawajapelekwa shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha, wanafunzi walifundishana wao kwa wao. Mmoja alisimama mbele akawa mwalimu, na wengine wote wakakaa kwenye madawati wakawa watoto wa miaka saba. Watu wazima wenye ndevu walinyonya vidole. Mmoja, baba wa watoto wawili, aliomba ruhusa ya kwenda chooni huku akijipindapinda, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Lakini ulipofika wakati wa maswali, watoto hao bandia walijibu sawasawa. Nani angependa kumwangusha mwenzake mbele ya mkufunzi? Huo ulikuwa wema wao, na wema huo ndio uliomponza Profesa. Alijifunza kufundisha kwa watu waliojifanya hawajui.

Siku ya zamu yake alitia fora. Aliandika ubaoni kwa mwandiko uliolala kama nywele zilizochanwa, akaeleza somo la hesabu kwa maneno mazito, kisha akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" wakaitikia watoto wenye ndevu.

Akarudi kitini kichwa kimemvimba kama andazi kwenye mafuta.

Baada yake aliingia msichana waliyemwita Kicheko. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka hata alipochekwa yeye. Katika mitihani ya kuandika alijikokota, kwani kitabu cha nadharia kilimlaza usingizi kabla ya ukurasa wa tatu. Yeye hakusimama mbele. Alipita katikati ya madawati, akachutama kando ya yule baba wa watoto wawili, akamwambia, "Nionyeshe ulivyofanya."

"Nikuonyeshe nini?" yule baba akanong'ona kwa hasira. "We Kicheko, mimi najifanya tu! Mbona unaniuliza kweli?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Dada, umeangusha sindano huko chini?"

Profesa naye hakutaka kupitwa. Alisimama, akakunjua urefu wake wote, akasema, "Wenzangu, mwalimu ni mnara. Na mnara ukiinama, watu hukimbia!"

Walimpigia makofi. Kicheko mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, akajibu, "Haya, Mnara. Ila uweke ngazi, wengine tuna miguu mifupi."

Mkufunzi wao, mama mtu mzima mwenye mwili mkubwa na maneno machache, aliivua miwani yake akaifuta polepole. "Tutaonana huko shuleni," alisema. "Huko watoto hawajifanyi."

Mwezi uliofuata Profesa na Kicheko walipangwa katika shule moja. Ilikuwa shule ya kawaida: jengo refu la bati, madirisha upande mmoja, uwanja wa vumbi uliofagiliwa kila asubuhi ukabaki na michirizi ya fagio. Kicheko alipewa darasa la kwanza, Profesa darasa la pili, ukuta mmoja ukiwatenganisha. Mwalimu wa darasa la pili, mama aliyekaribia kustaafu, alimkabidhi chaki kwa mikono miwili. "Darasa ni lako sasa, baba. Ukichoka, niite."

Profesa aliona hatachoka kamwe. Alisimama mbele ya watoto hao, akaandika ubaoni thelathini na mbili toa kumi na saba, akatangaza kwamba watachambua dhana ya utoaji wenye ubadilishaji wa makumi. Watoto walimtazama kwa mapenzi, kama wanaotazama ndege inapita juu. Alieleza. Alieleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Mwishoni akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Mwalimuuu!"

Bati likatetemeka. Profesa akatabasamu, meno yote nje. Ikawa hivyo kila siku. Alirudi chuoni jioni akiwaambia wenzake kwamba watoto wake ni moto wa kuotea mbali.

Basi siku ya ukaguzi ikafika. Mkufunzi aliingia kimya, akaketi nyuma kwenye dawati dogo lililolalamika chini yake. Alama za ukaguzi ndizo zingeamua kama Profesa atahitimu mwaka huo au la. Mwalimu anayeshindwa mazoezi hahitimu, hata kama nadharia anaijua kinyumenyume. Profesa hakuwa na wasiwasi. Alifundisha kama mtu anayehutubia taifa. "Mmeelewa?" akauliza. "Ndiyooo!" wakaitika. Akawapa zoezi ambalo jibu lake lilikuwa kumi na tano.

Mkufunzi aliinuka, akapita dawati hadi dawati. Daftari la kwanza lilikuwa na ishirini na tano. La pili ishirini na tano. La tatu, la nne, safu nzima: ishirini na tano, ishirini na tano, kama wimbo. Akasimama mbele ya mvulana mmoja ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yametoka yote kwa mkupuo, wenzake wakamwita Kibogoyo, na tangu hapo s na dh zake zikawa zinatoka kama th.

"Mwanangu, mwalimu amekufundisha nini leo?"

Kibogoyo alisimama wima. "Ametufundisha kuelewa!"

"Vizuri. Na mmeelewa nini?"

Kibogoyo alifikiri kwa bidii, paji la uso likajikunja. "Tumeelewa thana!"

Nje ya mlango Mkufunzi hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimshika bega, akasema kwa upole, "Umefundisha vizuri, mwanangu. Tatizo ni moja tu. Hakuna aliyefundishwa."

"Lakini Mama, walisema wameelewa!"

"Walisema. Nitarudi baada ya majuma mawili. Nikiwakuta walipo leo, itabidi urudie mazoezi mwakani."

Profesa aliingia chumba cha walimu miguu mizito, akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na shati lake la pasi. Yule mama mwalimu wa darasa alikuwa amesikia, kwa maana kuta za shule ni nyembamba. Alimmiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kile chenye maua, ambacho hakumpa mtu, akakiweka mbele yake, akaendelea kusahihisha madaftari. Kuna nyakati mtu hahitaji ushauri, anahitaji kikombe.

"Watoto hawa ni wazito sana," Profesa alilalamika hatimaye.

"Mm," akajibu mama yule, na kumwongeza sukari.

Walikuwa bado wamekaa pale simu ya Profesa ilipolia. Alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga baada ya mama yake kufariki. Kwa shangazi huyo, mahafali ya Profesa yalikuwa harusi, sikukuu na mwaka mpya kwa pamoja.

"Baba yangu mimi, hujambo? Nguo yangu ya mahafali imekwisha! Fundi amenikataza kula mpaka siku hiyo, eti nikiongezeka kidogo tu zipu itagoma. Haya niambie, hao watoto wako wanakuelewa?"

"Ndiyo, Shangazi," alijibu Profesa. "Wananielewa sana."

Akasikia shangazi akifurahi upande wa pili, akipiga kofi paja. Na papo hapo Profesa akashtuka, simu sikioni, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Ndiyo, Shangazi. Ndiyo, Mwalimu. Kumbe ilikuwa sauti ile ile. Alikuwa amesema ndiyo kwa sababu ndiyo humfurahisha anayeuliza, na akifurahi haulizi tena.

"Shangazi," alisema taratibu, "nimekudanganya. Hawanielewi hata kidogo. Nimeanguka ukaguzi wa kwanza."

Kisha shangazi akakohoa. "Sasa na mimi nitasema kweli. Nguo haijaisha. Fundi hata kitambaa hajakikata. Nilitaka tu usiwe na wasiwasi."

Wakacheka wote wawili, mmoja huku, mwingine kule, mpaka mama mwalimu wa darasa naye akacheka bila kujua cha kuchekea.

"Basi sikiliza," alisema shangazi. "Mimi nakwenda kumsimamia fundi wangu. Wewe kawasimamie watoto wako. Kila mtu na mvungu wake."

Profesa aliweka kikombe, akatoka. Mlango wa darasa la kwanza ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani, na Kicheko alikuwa amekaa sakafuni akifuta namba alizokuwa amezichora kwa chaki kwenye saruji. Sakafu nzima ilikuwa ubao. Profesa alisimama mlangoni akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Nilikuwa ninawazia," alianza, "kufanya uchunguzi mdogo wa kitaaluma kuhusu mbinu zako, kwa lengo la kulinganisha..."

"Uchunguzi, au umekwama?"

Profesa alitazama dari. Dari haikumsaidia. "Nimekwama."

Kicheko alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa na mwiba. Kilikuwa cha mtu anayekusogezea mkeka. "Karibu. Kaa."

"Wapi?"

"Si hapa chini! Au unangoja kiti cha mkufunzi?"

Alikaa. Miguu yake mirefu ilikosa pa kwenda, ikabaki imeinuka mbele ya uso wake kama milango miwili. Akamweleza yote: ukaguzi, ishirini na tano, majuma mawili. Kicheko alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina siri," alisema. "Nina neno moja tu. Wewe huuliza mmeelewa. Mimi huwaambia nionyeshe. Mtoto akikuonyesha, unaona alipopotelea. Ila hawakuonyeshi ukiwa juu huko, shingo zao zinauma."

"Basi?"

"Basi. Na mimi nina shida yangu. Ile mitihani ya nadharia inakuja, na kile kitabu nikikifungua tu, macho yanafunga duka. Nisaidie."

Wakapeana mikono. Profesa alipojaribu kuinuka alishindwa, na Kicheko ikabidi amvute kama anayeng'oa muhogo.

Asubuhi iliyofuata Profesa aliingia darasani, akaandika swali lile lile ubaoni na mfano wake upande wa kulia, halafu akafanya jambo ambalo watoto hawakuwahi kuliona. Aliacha chaki, akatembea katikati ya madawati, akachutama karibu na Kibogoyo. Magoti yake, ambayo hayakuzoea kazi hiyo, yalilia ko! ko! kama kuni kavu.

"Mwalimu amevunjika!" akapiga yowe msichana wa dawati la pili.

Darasa zima likasimama. Profesa alitaka kusema hajambo, akayumba, akaketi chini puu! Vumbi likatimka. Kisha Profesa mwenyewe akaanza kucheka, cheko la kweli lisilo na pasi, na watoto wakacheka naye mpaka wengine wakajilaza juu ya madawati. Msichana yule alikuja akamkung'uta vumbi begani, taratibu, kama mama anavyomkung'uta mtoto.

"Kibogoyo," alisema Profesa kutoka pale sakafuni, "nionyeshe ulivyopata ishirini na tano."

Kibogoyo alimtazama usoni, na mara hii nyuso zao zilikuwa sawa. Akaweka kidole kwenye daftari. "Hapa kuna mbili na thaba. Mbili ni ndogo, haina kitu cha kutoa. Mimi nikaona thaba ndiyo kubwa, itoe yenyewe. Thaba toa mbili, tano."

"Na hapa?"

"Tatu toa moja, mbili. Ishirini na tano!" Akatabasamu kwa ufizi mtupu.

Profesa alilipima jibu hilo. Lilikuwa kosa, lakini lilikuwa kosa lenye akili. Mtoto alikuwa ametafuta njia yake mwenyewe palipokosekana daraja, na darasa zima likamfuata. Vitabu vyote alivyovisoma vilimwambia kwamba watoto hufikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mmoja akifikiri.

"Sasa mbona hukufuata mfano wangu ubaoni?"

"Upi?"

Profesa aligeuka kuuonyesha mfano. Hakuuona. Pale chini alipokaa, jua la asubuhi lililoingia dirishani lilikuwa limeupiga ubao, na nusu nzima ya upande wa kulia iling'aa nyeupe kama sahani. Mwandiko wake mzuri ulikuwa umezama humo. Kwa mtu aliyesimama hapakuwa na tatizo lolote. Kwa aliyekaa, hapakuwa na somo.

"Mnaona nini pale?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Jua!" wakajibu wote.

"Siku zote?"

"Siku zote!"

"Mbona hamkuniambia, jamani?"

Msichana wa dawati la pili akainua mabega. "Hukutuuliza, Mwalimu. Ulituuliza kama tumeelewa."

"Nanyi mkasema ndiyo."

"Kwa thababu tukithema ndiyo unafurahi," alisema Kibogoyo. "Ukifurahi unakuwa mzuri thana."

Profesa aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Watoto hawa walikuwa wamekaa muda wote huo mbele ya ubao wa jua, hawaoni kitu, wakimpa kila siku zawadi pekee waliyokuwa nayo. Alipoinua uso macho yake yalikuwa na maji, lakini alikuwa anatabasamu, na watoto wakaona kwamba kweli ni mzuri sana.

Siku hiyo hiyo waliuhamisha ubao. Ilikuwa kazi ya vicheko na amri nyingi zisizosikilizwa, mpaka mama mwalimu wa darasa akaja kushika upande mmoja. Baada ya hapo wakatoka uwanjani kuokota vijiti. Kila mtoto aliokota vyake, wakavifunga kwa uzi kumi kumi. Anayetaka kutoa saba, na mkononi ana vijiti viwili tu, afungue fungu moja. Profesa hakusema tena dhana wala ubadilishaji. Alisema, "Fungua fungu," na wakafungua. Alichutama dawati hadi dawati mpaka magoti yakazoea na kuacha kulia. Alikuta mtoto anayehesabu vidole huku akikiruka cha kwanza, akakuta mwingine aliyeandika namba kinyume kwa sababu alimwiga jirani aliyekaa ng'ambo. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, na kila mlango ulikuwa chini.

Mchana, watoto wakishaondoka, yeye na Kicheko walikaa wakifunga vijiti vilivyofunguka, naye akimfundisha nadharia. Mwanzoni alimmwagia yale maneno yake mazito. Kicheko akapiga miayo.

"Nionyeshe," akamwambia, "usinihubirie."

Profesa alikuna kichwa. Akachukua fungu, akaliweka mezani. "Tazama. Mtoto akishika hiki kwanza, baadaye atakichora. Akishakichora, ndipo ataweza kukiwaza bila kukiona. Ukianza na la mwisho, umejenga paa hewani."

Kicheko aliacha uzi. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona kitabuni imevaa koti na tai?"

Profesa alicheka mpaka fungu likamponyoka. Ilimjia pia, wakati akiokota kijiti kimoja kimoja, kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuielewa vizuri namna ile.

Majuma mawili yakapita. Asubuhi ya ukaguzi wa pili Profesa alifika shuleni mapema, akaanza kupanga vijiti. Watoto watatu walikuwa bado hawajashika vizuri, na Kibogoyo alikuwa mmoja wao: leo anapata, kesho anapoteza. Mwalimu mmoja wa pale shuleni alimshauri awafiche watatu hao nyuma, au awaambie wabaki nyumbani. Profesa alimshukuru, akaendelea kupanga vijiti.

Mkufunzi alipofungua mlango, hakumwona mwalimu. Aliona vichwa vya watoto, vijiti kila mahali, na mnong'ono wa kazi kama wa nyuki mzingani.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

Vidole vyote vikaelekea sakafuni. Profesa alichomoza katikati ya madawati, shati likiwa na vumbi la chaki mpaka kwenye kola. "Shikamoo, Mama. Karibu."

"Marahaba. Endelea."

Aliendelea kidogo, ndipo Mkufunzi akainua mkono. Alikwenda mwenyewe ubaoni, akaandika swali jipya ambalo hawakuwahi kulifanya: hamsini na tatu toa ishirini na sita. Akaangalia darasa, na kidole chake kikatua pale pale ambapo Profesa aliomba kisitue.

"Wewe, baba. Njoo."

Kibogoyo alikwenda mbele. Alitazama swali. Mkono wake ukaandika, bila kusita, thelathini na tatu.

Profesa aliisoma namba ile. Lilikuwa kosa lile lile la zamani, mbele ya macho yale yale. Mwaka mzima wa maisha yake ulikuwa ubaoni kwa chaki. Angeweza kusema haraka, mwingine amsaidie. Msichana wa dawati la pili alikuwa amekwisha kuinua mkono mpaka ananing'inia. Lakini Profesa alikwenda mbele, akachutama kando ya mtoto, akageuza mgongo wake kwa Mkufunzi na ukaguzi wake wote.

"Nionyeshe," alisema.

Kibogoyo alishika mafungu matano na vijiti vitatu. "Nina tatu. Nataka kutoa thita." Akavitazama vile vitatu. Akamtazama Profesa, naye Profesa hakusema kitu, alingoja tu, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha uso wa mtoto ukafunguka. "Ah! Nimemlazimisha mkubwa tena! Nifungue fungu!"

Akang'ata uzi kwa meno ya pembeni, vijiti vikamwagika. Kumi na tatu. Akatoa sita, vikabaki saba. Kati ya mafungu manne yaliyobaki akatoa mawili, yakabaki mawili. Akafuta kwa kiganja alichokuwa ameandika, akaandika ishirini na saba, kubwa, iliyopinda kidogo, sahihi kabisa.

Darasa lililipuka kwa makofi. Kibogoyo aliinama kama mwanamuziki, kisha akamgeukia Mkufunzi kwa heshima zote.

"Bibi, umeelewa?"

Mkufunzi alitabasamu. "Ndiyo, mjukuu wangu, nimeelewa."

Kibogoyo akamnyooshea vijiti. "Bathi, nionyeshe."

Profesa alifumba macho. Mama mwalimu wa darasa, aliyekuwa akichungulia dirishani pamoja na Kicheko, aliziba mdomo kwa kiganja. Mkufunzi alimtazama mtoto, akatazama vijiti, akatazama sakafu, ambayo kwa umri wake na mwili wake ilikuwa mbali. Kisha akavua miwani, akampa msichana wa dawati la pili amshikie. Akashika dawati kwa mkono mmoja na bega la Profesa kwa mwingine, akaanza kushuka. Magoti yake yalilia ko! ko! hadi nje.

"Usiogope," msichana yule akamtuliza. "Hata ya Mwalimu yalianza hivyo hivyo."

Alikaa sakafuni katikati ya watoto, sketi imeenea kama mwavuli, akafungua fungu, akahesabu vijiti kimoja kimoja, na Kibogoyo akimsimamia kwa ukali wa mwalimu mkuu. Alipopata ishirini na saba, walimpigia makofi kuliko waliyompigia Kibogoyo. Alicheka hadi machozi yakamtoka, mama yule wa maneno machache, na wanafunzi wake wawili wa chuo wakagundua kwamba katika miaka yote hawakuwahi kumsikia akicheka.

Kuinuka kwake kulihitaji Profesa upande huu, Kicheko aliyeruka kutoka nje upande ule, na watoto kadhaa waliosukuma kutoka nyuma kwa moyo safi. Alipokwisha kusimama hakujikung'uta. Alimtazama Profesa, aliyekuwa bado amepiga magoti akikusanya vijiti vilivyotawanyika.

"Umefaulu," alimwambia mbele ya darasa lake. "Na usiinuke kwanza. Kuna mtoto kule nyuma anakungoja."

Profesa hakuinuka. Alikwenda huko nyuma kwa magoti yake yale yale, kati ya miguu ya madawati na vumbi la chaki, huku watoto wakimpisha njia na kumwita kila mmoja aje kwake kwanza. Na hapo hata aliyekuwa na shaka alikubali kwamba wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.